Banda Lisilo na Mbuzi

Mimi nikikasirika hufagia. Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, na majirani wa kile kijiji kipya upande wa Gatongora walinijua kwa mlio wa ufagio wangu kabla hawajanijua kwa sura. Wakiusikia asubuhi waliambiana, "Mzee wake amefanya mambo tena." Hawakukosea. Miaka ile ya hali ya hatari nilifagia uwanja usio na hata jani moja, nikarudia, nikarudia tena, mpaka siku moja jirani yangu akaniuliza kama natafuta maji chini ya ardhi.

Siku mume wangu alipoutoboa ukuta mara ya kwanza sikufagia. Nilikuwa nimetoka kuchuma kahawa kwenye shamba la Mzungu, mgongo unaniuma, kitambaa cha kichwa kimelowa jasho, nikamkuta jirani huyo amesimama mlangoni kwangu amejishika kiuno. Alikuwa mjane, mpole wa mikono na mkali wa mdomo, na ndiye niliyemwachia mzee nikienda kazini. Hata salamu hakunipa.

"Ingia ujionee mwenyewe," akasema. "Mimi nilienda kuteka maji tu. Hata debe halijajaa!"

Ndani, mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko, ametulia kama mtu aliyetoka kulima. Nyuma yake ukuta ulikuwa na tundu la ukubwa wa ungo. Alikuwa amebandua udongo kwa kucha, akazing'oa fito moja moja, akazipanga vizuri kando, ndogo kwa ndogo na kubwa kwa kubwa. Kupitia lile tundu niliona handaki, na ng'ambo ya handaki miti ya kahawa.

"Baba watoto," nikamwambia, "unafanya nini?"

"Nafungua."

"Unafungua nini?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepotewa na akili. "Si nafungua," akasema, akajifuta mikono kwenye blanketi lake.

Yafaa nieleze handaki, maana vijana wa leo hawalijui. Serikali ilipotutoa kwenye maboma yetu na kutukusanya mahali pamoja, tulilazimishwa kuchimba shimo refu kukizunguka kijiji chote, kwenda chini kuliko kimo cha mtu, na sakafuni mwake tukasimika vijiti vilivyochongwa ncha. Tuliambiwa ni la kuwazuia watu wa msituni, wale waliokuwa wakipigana na serikali, wasiingie. Lilitufungia sisi pia. Mlango wa kijiji ulikuwa mmoja, unalindwa na homugadi, walinzi wa upande wa serikali, wenye mikuki na bunduki, na jua likizama hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Mtu akionekana karibu na handaki saa za kafyu, alipigwa risasi kwanza akaulizwa baadaye.

Sasa fikiria nyumba yenye tundu linalotazama handaki. Katika kijiji kile hakuna aliyehitaji kuelezwa tundu kama hilo ni la nini. Ni la kupitishia chakula kwa watu wa msituni, basi. Nilitupa kapu langu chini, nikachanganya udongo na majivu, nikakandika ule ukuta kabla jua halijazama, bila kuonja hata maji. Lakini ukuta mbichi hauna siri. Kesho yake alama ilikuwa pale, nyeusi katikati ya udongo mkavu, na kila homugadi aliyepita aliisimamia.

Hedimani, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu wa rika la chini ya mume wangu, amevaa koti la jeshi lililomzidi mabega, na alizungumza nami uwanjani kwa sauti ya kusikika na watu.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini tundu hili lilikuwa la kupitishia nini?"

"La mzee. Akili yake imechoka."

"Siku hizi kila mtu akili imechoka. Wazimu umekuwa mwingi tangu tuanze kuuliza maswali." Akagusa ukuta kwa fimbo yake. "Sikiliza. Nikiona tundu lingine hapa, mzee anapanda lori. Kama ni mwendawazimu, atapelekwa Nairobi kwa wendawazimu wenzake. Kama si mwendawazimu, kuna pengine pa kumpeleka."

Nilikuwa nimewaona waliopandishwa lori. Mwanangu wa kiume alipandishwa, na wakati huo alikuwa bado kizuizini, sijui kama yu hai. Yeye alikuwa na mabavu na akili timamu. Baba yake hakujua tena kufunga kamba ya suruali, na ukimpa uji wa moto aliumwaga mapajani. Mtu kama huyo huko asingemaliza mwezi. Basi jambo lililokuwa mbele yangu lilikuwa wazi: ama ukuta ule ukae mzima, ama mume wangu aondoke nisimwone tena. Niliogopa kwelikweli. Binti zangu walikuwa wameolewa, mmoja Kalimoni, mwingine mbali zaidi, na hata kwenda kumjulia mtu hali kulitaka kibali. Niliogopa peke yangu.

Ugonjwa wenyewe ulianza kabla ya kijiji. Ulianza kwa mambo ya kuchekesha. Alitafuta fimbo akiwa ameishika. Alimwita mbwa kwa jina la mbwa aliyekufa zamani, na yule mbwa, maskini, akazoea kuitika. Tulipohamishwa ndipo ulipokomaa. Alimwaga unga. Aling'oa maharagwe niliyokuwa nimepanda kando ya nyumba, akayaleta ndani yakiwa na mizizi yake, akaniambia ni kuni. Alifumua kiondo nilichokuwa nakisuka, kazi ya majuma mengi, akazinyoosha zile kamba na kunikabidhi kama zawadi. Siku ya kiondo nilifagia mpaka ufagio ukakatika.

Watu walikuwa na maelezo yao. Huyu alisema amelaaniwa na ndugu yake aliyegombania naye mpaka wa shamba. Yule alisema alikula kiapo cha watu wa msituni kisha akakisaliti, na kiapo kinamla ubongo. Wengine walisema mimi ndiye niliyemlisha kitu. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Waliosema hayo walikuwa wakienda kulala, mimi nabaki naye. Jirani yangu mjane tu ndiye aliyekuja na ushauri wa kufanyika.

"Mfunge," akasema. "Kamba ya mkonge, mguu mmoja tu, kwenye nguzo ya katikati. Hata kuumia hataumia."

"Nguzo ya katikati ndiyo inayoshika nyumba," nikamjibu. "Akiivuta, atatuezekea sote."

Akacheka, nami nikacheka. Lakini alikuwa amesema kwa moyo mweupe, na wala sikumjibu ukweli. Ukweli ni kwamba mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya baba yangu na mbuzi wake na pombe yake ya miwa, akanioa kwa heshima zote. Nisingemfunga mguuni mimi.

Niliomba kibali, tukaenda Thika kwa daktari. Kutoka kijijini hadi stesheni ya Ruiru tulitembea kwa miguu. Alitangulia, kama mume anavyotangulia, ingawa hakujua tuendako, nami nikawa namwongoza kutoka nyuma: kushoto, Baba watoto, sasa kulia, ngoja hapo, gari linapita. Aliyetuona alimwona mzee wa heshima na mkewe nyuma. Ndani ya gari la moshi alitulia kabisa, akatazama mashamba ya mkonge yakipita, akasema mkonge wa mwaka huu ni mzuri. Nilitamani Thika iwe mbali zaidi.

Daktari alikuwa Mhindi mzee, mwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa. Alimgonga magoti, akamtazama macho kwa tochi, kisha akaninyooshea kidole.

"Mzee, hii nani?"

Mume wangu alinitazama kwa makini. Alinipima kutoka kitambaa cha kichwa hadi miguuni, kama anavyopima mtu anayetaka kutenda haki.

"Huyu ni mtu amenileta," akasema. "Ni mtu mzuri."

"Hapana bibi yako?"

"Aca, siye. Bibi yangu yuko nyumbani anapika."

Daktari akazima tochi. "Mama," akaniambia, "hii ugonjwa hapana dawa. Kichwa nachoka, nakwisha pole pole. Wewe patia yeye kazi ya mkono. Na wacha bishana na yeye. Yeye nasema leo Jumapili, wewe nasema ndiyo, Jumapili."

Hakunidanganya, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lakini njia nzima ya kurudi Ruiru nilimtazama mume wangu aliyeketi mkabala nami, ametulia, hana haraka, kwa sababu anajua mkewe yuko nyumbani anapika. Nilimwonea wivu huyo mwanamke. Gari lilikuwa limejaa watu na sikuwa na hata mmoja wa kumwambia.

Nikampa kazi ya mkono. Nilimpa mahindi ya kupukuchua, akayapukuchua. Nilimpa maharagwe yaliyochanganywa, meupe na mekundu, ayachambue, akayachambua sawasawa bila kukosea hata moja. Jioni niliyachanganya tena, na asubuhi akaanza upya kwa bidii ile ile. Jirani aliponiona nikichanganya maharagwe yaliyokwisha chambuliwa alitikisa kichwa. Nadhani siku ile alianza kunihofia mimi pia.

Mchana basi ukawa na nafuu. Jioni ndiyo iliyonishinda. Jua lilipoanza kushuka na moshi wa kila nyumba kupanda, kitu kilimwingia miguuni. Alikula chakula chake, akafuta mdomo, akasema maneno yale yale kila siku: "Nimeshiba. Sasa acha niende kwangu."

"Kwako ni hapa," nilimjibu.

"Hapa ni kwako wewe. Mimi naenda kwangu."

"Kwako ni hapa! Unataka kwenda wapi na kafyu hii? Keti!"

Hapo vita vikaanza. Aliitupa sufuria. Alizivuta nyasi za paa kwa ndani. Siku moja nilipomzuia alinisukuma nikaangukia mafiga, mkono ukaungua, na alama ninayo hadi leo. "Wewe mwanamke," akanifokea, "utanifungia hapa mpaka lini? Watu watasema nini?" Niliona kuwa hilo la watu kusema nini lilimuuma kuliko yote, wala sikulielewa. Kisha alirudi kwenye ukuta ule ule, upande ule ule, na kuanza kuuchimba kwa kucha. Nilikandika udongo kila uchao kabla haujatoboka. Mikono yangu ilinuka udongo hata nikila.

Jioni moja nilichoka. Sikuwa na subira mpya wala hekima. Nilichoka tu, mkono wenye jeraha ukiniwasha, nikakumbuka maneno ya yule Mhindi. Mzee alipofuta mdomo na kusema, "Nimeshiba, sasa acha niende kwangu," nikamjibu, "Haya. Nenda salama."

Akanishukuru. Akachukua fimbo yake. Akainama, akainama sana, kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi, na akatembea moja kwa moja hadi kwenye ule ukuta wa mashariki, paji la uso likagonga udongo. Akabaki pale ameinama, hasogei, anangoja.

Nikakaa chini. Nilikaa pale pale kwenye jivu.

Katika boma letu la zamani, lile lililobomolewa, mimi nilikuwa na nyumba yangu na yeye alikuwa na thingira yake. Ndivyo tulivyoishi sisi. Nyumba ni ya mwanamke na watoto na mafiga. Thingira ni ya mwanamume, huko hulala, hupokea wageni wake, hukaa na wa rika lake. Akitaka kuja kwa mkewe, huja. Hukohoa mlangoni kwanza ili mwanamke ajue, kisha huingia, hukaa, hula, na hurudi kwake. Mwanamume anayekaa kutwa kucha kwenye jiko la mkewe huchekwa hata na watoto. Na mlango wangu wa zamani, ule mfupi, ulitazama mashariki, na ng'ambo ya uwanja palikuwa na thingira.

Hii nyumba ya kijijini ilijengwa kwa amri, zote mstari mmoja, milango yote inatazama barabara, magharibi. Mume na mke na kila kitu chumba kimoja. Sisi wengine tulinung'unika tukazoea. Yeye kichwa chake kilisahau amri, na kafyu, na kijiji, na mimi pia. Lakini hakikusahau kwamba mwanamume mwenye adabu, akishashiba, hutoka kwenye nyumba ya mwanamke na kwenda kwake. Kila jioni aliinuka kwenda kwake, na pale penye mlango akakuta ukuta. Mimi, mkewe wa miaka yote ile, nilikuwa nikimzibia kwa udongo.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa hedimani. Sikuthubutu kusema neno thingira. Nyumba ya pili ilikuwa imekatazwa.

"Nataka kibali cha banda la mbuzi," nikasema. "Liegemee ukuta wangu wa nyuma. Na nitoboe mlango mdogo kutoka ndani."

"Upande wa handaki?" Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Na mbuzi wako wako wapi, mama?"

"Watakuja."

"Watakuja kutoka msituni?"

Ningeweza kufagia uwanja wake mzima kwa hasira niliyokuwa nayo. Lakini mkono mtupu haulambwi, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa isipokuwa kile nilichokiona. Nikamwambia, "Njoo kwangu jioni, kabla ya kafyu. Usiseme kitu. Keti tu uone. Ukishaona, ukitaka kuleta lori, lilete."

Sikutarajia aje. Alikuja, na koti lake, akamwacha homugadi wake barabarani. Mume wangu alipomwona aliinuka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tuhame. Kumbe alikuwa na hamu ya mgeni! Alimsalimu, akamuuliza habari za ng'ombe, akamuuliza habari za baba yake aliyekufa zamani. Hedimani akajibu kwamba ng'ombe hawajambo. Akasita, akasema na baba hajambo.

Nilikuwa nimepika irio, nikawapakulia. Mume wangu alitazama kulia na kushoto, akamwinamia hedimani kwa aibu, akamnong'oneza, lakini nyumba ni ndogo na mimi nilisikia: "Samahani sana kwa kukupokea kwenye nyumba ya mwanamke. Sijui nimefikwa na nini siku hizi. Twende kwangu, tuzungumze kama watu."

Akachukua sahani ya mgeni kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Akainama. Akatembea hadi ukutani, akaugusa, akaweka sahani chini taratibu, na kuanza kubandua udongo kwa kucha. "Ngoja kidogo," akamwambia mgeni bila kugeuka. "Ngoja nifungue."

Hedimani alitazama ile mikono. Kisha akatazama sahani chini, kisha miguu yake mwenyewe. Naye alikuwa Mkikuyu, na naye alilala chumba kimoja na mkewe na watoto kwa amri aliyoisimamia mwenyewe, na sijui jioni za kwake zilikuwaje. Alipoinuka hakunitazama.

"Banda lisiwe na mlango wa nje," akasema. "Hata dirisha. Na watu wakiuliza, ni la mbuzi."

Wanawake wa mstari wetu walikuja kunisaidia kukandika, kama tulivyozoea kusaidiana, na jirani yangu akaleta nyasi za kuezekea. Hawakuuliza habari za mbuzi. Nilitoboa mlango mfupi pale pale alipokuwa akichimba, nikatundika gunia la kahawa liwe pazia. Ndani nikaweka kitanda cha fito, ngozi, kigoda chake, na mawe ya moto wake mwenyewe. Jioni ya kwanza alipofuta mdomo na kusema anakwenda kwake, nikamwambia aende salama. Akainama, akapita. Nilimsikia akishusha pumzi upande wa pili. Alilala hadi asubuhi, nami pia.

Ukuta haukuguswa tena. Sufuria hazikuruka, paa halikuvutwa, lori halikuja. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na ingekuwa utovu wa shukrani kulalamika. Lakini huku ni kuandika, si kanisani, kwa hiyo nitalalamika.

Alihama kabisa. Alipokuwa akipigana nami, angalau alikuwa akipigana na mimi. Sasa alikaa kwake mchana kutwa na maharagwe yake, na mimi kwangu. Nilipompelekea chakula niliita kwanza nyuma ya gunia, kama inavyotakiwa, naye akapokea bila kuinua macho na kusema, "Mwambie aliyekutuma ameshukuriwa." Labda alinidhania mmoja wa binti zetu, au mtoto wa jirani. Jioni nilimsikia akizungumza na watu wa rika lake, wote marehemu. Aliwauliza maswali, akangoja majibu, akacheka. Zamani nilikuwa nikikisikia kicheko kile kutoka ng'ambo ya uwanja nikiwa napika, na watoto wamenizunguka, na wala sikukijali. Sasa niliacha kuchochea moto ili nikisikie. Marehemu wale walikuwa na bahati. Mimi niliye hai, niliyemkandikia ukuta, sikualikwa.

Niliketi kando ya mafiga yangu matatu na kula peke yangu. Wakati mwingine niliongea, lakini mtu akiongea peke yake katika nyumba ambayo mzee wake pia anaongea peke yake, jirani atasema nini? Nikanyamaza. Nilijikuta nikingoja kikohozi. Mwanamume akitaka kuja kwa mkewe hukohoa. Kila jioni, nikipakua, nilikuwa nikisikiliza nyuma ya lile gunia kama msichana, mimi mwenye wajukuu.

Na jioni moja, msimu wa mvua ndefu, akakohoa.

Nilidhani ni moshi. Akakohoa tena, taratibu, kikohozi kile chenyewe. Moyo wangu ulipiga nikaona haya. Nilijifuta majivu usoni, nikafunga kitambaa upya, nikasogeza kigoda kizuri mahali pake. "Karibu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo.

Gunia likasogea, akaingia ameinama. Alikuwa amefunga blanketi lake vizuri begani. Alishika kigae cha chungu kilichovunjika. Hakuketi. Alisimama pale karibu na mlango, macho chini, na adabu zake zote.

"Mama, hamjambo hapa. Moto wangu umezimika kwa hii mvua. Naomba kaa la moto."

"Hatujambo," nikasema. "Keti kwanza. Chakula kiko tayari."

Akatazama huku na huku. Akaona kigoda kimoja, sufuria moja, mwanamke mmoja.

"Mwenye boma yuko?"

Nikakumbuka: wacha bishana. "Yuko kwake," nikasema. "Yuko thingira."

"Basi sitakaa," akasema. "Si vizuri kukaa na mke wa mtu, mwenyewe hayupo. Usinielewe vibaya, mama. Namheshimu."

Nilichagua kaa kubwa kuliko yote, nikamwekea kwenye kigae na majivu chini yake ili asiungue. Akashukuru, akainama, akaondoka na moto wake. Nilimsikia akiupuliza upande wa pili. Mimi nilibaki nimesimama, na nikalia, mimi ambaye si mtu wa kulia ovyo. Nililia mpaka irio ikaanza kupoa, na irio ikipoa haipendi.

Nikajifuta uso. Nikapakua sahani yake, nikaenda hadi kwenye gunia, nikaita.

"Nani?"

"Ni chakula."

"Mama watoto!" akasema, na hakuwa ameniita hivyo tangu kijiji kijengwe. "Mbona umechelewa leo?"

Nilishika sahani kwa mikono miwili isianguke.

"Kulikuwa na mgeni," nikamwambia.

"Mgeni? Ulimkaribisha?"

"Nilimkaribisha. Alikataa kukaa kwa sababu wewe hukuwepo."

Akapokea sahani, akafikiri kidogo, na uso wake ukang'aa kwa ule moto niliompa.

"Huyo ni mtu wa heshima," akasema, akaanza kula.